Mazoezi ya Vidole Nyumbani Yanawasaidia Wagonjwa wa Parkinson

Kufunga vifungo vya shati, kumega ugali au kuhesabu chenji ni kazi ndogo kwa mtu mwenye afya. Kwa mgonjwa wa Parkinson kazi hizo huchukua muda mrefu, na mara nyingi humlazimu kumwita mtu amsaidie.

Habari njema ni kwamba vidole vinaweza kufundishwa upya. Watafiti nchini Uswisi waliwagawa wagonjwa 103 katika makundi mawili. Kwa wiki nne kundi la kwanza lilifanya mazoezi ya vidole nyumbani, na la pili lilivuta mipira ya kuimarisha misuli. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa waliofundisha vidole walipata wepesi zaidi katika kipimo cha kuchomeka vijiti tisa kwenye matundu na kuvichomoa. Maana yake, nguvu ya mkono peke yake haitoshi.

Ugonjwa huu ulielezwa na daktari wa London, James Parkinson, mwaka 1817. Hutokea pale seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, zinapokufa. Mgonjwa hutetemeka, viungo hukakamaa, na mwandiko huzidi kuwa mdogo kadiri anavyoendelea kuandika. Dawa ya levodopa hugeuka dopamini ubongoni na kuleta nafuu, lakini haifufui seli zilizokufa.

Mazoezi hayahitaji vifaa vya gharama. Mgonjwa anaweza kukanda unga wa chapati, kuchambua mchele, kubana na kubandua vibanio vya nguo, kufunga na kufungua nati, kugawa karata au kucheza bao. Anapoandika, atumie karatasi yenye mistari na akusudie herufi kubwa. Afanye jambo moja kwa wakati, bila kuharakishwa.

Wakati mzuri ni pale dawa inapokuwa imeshika, siyo inapokaribia kuisha mwilini. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, na dawa isiachwe ghafla bila daktari kuambiwa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu. Kwetu wengi hawajulikani. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008 uliwakuta wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Wapo wazee wanaodhaniwa wamerogwa, na wengine huitwa walevi, kumbe ni ugonjwa wenye tiba ya kuupunguza makali.

Kwa ndugu tulio ughaibuni, fedha tunazotuma zinaweza kununua dawa, lakini haziwezi kumkalia mzee pembeni akichambua mchele. Mjukuu aliye nyumbani anaweza. Na tunapopiga simu, tusiishie kwenye "hujambo" na "shikamoo". Tumuulize mama kama bado anafunga vifungo mwenyewe, na baba kama mwandiko wake umebadilika. Jibu likitutia wasiwasi, apelekwe hospitali mapema, kabla mikono haijawa mizito zaidi.