Kupima Hatari Kabla ya Kuwekeza: Funzo la M-Pesa

Uamuzi wa kibiashara uliojengwa juu ya taarifa sahihi hauondoi hatari. Hubainisha ni hatari ipi ikubaliwe, ibebwe na nani na kwa kiwango gani. Historia ya M-Pesa nchini Kenya yathibitisha jambo hili. Mwaka 2005 huduma hiyo ilianza kama jaribio dogo katika maeneo ya Nairobi na Thika, ikilenga kurahisisha urejeshaji wa mikopo midogo. Hata hivyo, watumiaji walianza kutumiana fedha wao kwa wao. Kwa kuwa jaribio lilikuwa dogo, lengo liliweza kubadilishwa kabla ya mtaji mkubwa kutumika. Machi 2007 Safaricom ilizindua huduma ya kutuma fedha.

Hatari ya pili ilimhusu mteja: je, kampuni ikifilisika, fedha zake zingepotea? Kinga iliyowekwa ni kuzihifadhi benkini chini ya wadhamini, zikiwa zimetengwa na mali ya kampuni.

Watunga sera hawana budi kuyatenganisha maswali haya mawili. Mfanyabiashara ana hiari ya kuhatarisha mtaji wake. Hana hiari hiyo juu ya fedha alizokabidhiwa.