Kula kwa Mgiriki wa mtaani: taverna za kaskazini mwa London

Msikilizaji anayepita jioni katika barabara za Camden Town, Wood Green au Palmers Green, kaskazini mwa London, huenda akanusa moshi wa nyama inayochomwa kwa mkaa. Mara nyingi moshi huo hutoka katika mkahawa mdogo wenye meza kumi au kumi na mbili, vitambaa vyeupe vilivyofunikwa karatasi juu yake, na picha ya bandari yenye mashua za uvuvi ambayo haijashushwa ukutani kwa miaka mingi. Mlangoni pameandikwa taverna.

Neno hilo kwa Kigiriki lina maana ya mahali pa kula pasipo na makuu. Taverna si mahali pa kuvalia tai. Mwenye mkahawa hukaa karibu na mlango, huwajua wateja wake kwa majina, na pengine mkewe ndiye aliyepika. Katika makala haya tunaeleza mikahawa hiyo ilifikaje London, mtu akiingia anakula nini na analipaje, na kwa nini wenyewe wana wasiwasi juu ya siku zijazo.

Mgiriki asiyetoka Ugiriki

Jambo ambalo mgeni wa London huchelewa kulijua ni kwamba "Mgiriki" wa mtaani kwake, mara nyingi, hakutoka Ugiriki. Alitoka Kupro, au Cyprus, kisiwa cha mashariki mwa bahari ya Mediterania ambacho wakazi wake wengi husema Kigiriki na wachache wao Kituruki. Uingereza ilianza kukitawala kisiwa hicho mwaka 1878, ikakitangaza koloni mwaka 1925, na kikapata uhuru mwaka 1960.

Kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki historia hiyo ina mwangwi wa nyumbani. Wakati Kenya ilipokuwa chini ya sheria za hali ya hatari kutokana na vita vya Mau Mau, Kupro nayo ilitangaziwa hali ya hatari mwaka 1955. Kiongozi wa Wakupro wa Kigiriki, Askofu Mkuu Makarios, alikamatwa mwaka 1956 na kupelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Alipoachiliwa mwaka uliofuata alipitia Nairobi akiwa njiani kwenda Athens. Alirejea Kenya mwaka 1971, safari hiyo akiwa rais wa nchi yake, na hadi leo chuo cha kidini cha Waorthodoksi kilichoko Riruta, Nairobi, kinaitwa kwa jina lake.

Wakiwa raia wa koloni, Wakupro waliweza kuhamia Uingereza bila vizuizi vikubwa hadi ilipopitishwa sheria ya mwaka 1962 iliyopunguza wahamiaji kutoka Jumuiya ya Madola. Wanaume wengi walianzia katika majiko ya hoteli na mikahawa ya katikati ya mji, hasa Soho, wakiosha vyombo na kumenya viazi. Wanawake walishona nguo viwandani au nyumbani kwa malipo ya kila kipande. Aliyeweka akiba alifungua mlango wake mwenyewe, na kwa kuwa nyumba zilikuwa rahisi zaidi Camden Town, ndiko walikokwenda. Baadaye walisogea kaskazini zaidi, wakiifuata barabara ya Green Lanes, hata Palmers Green ikapewa jina la utani na Waingereza: "Palmers Greek".

Kisha ukaja mwaka 1974. Mwezi Julai wanajeshi waliokuwa wakiungwa mkono na serikali ya kijeshi ya Athens walimpindua Makarios, na siku tano baadaye majeshi ya Uturuki yakavamia kisiwa. Wakupro wa Kigiriki zaidi ya 150,000 walikimbia makwao upande wa kaskazini, na makumi ya maelfu ya Wakupro wa Kituruki wakahamia kaskazini kutoka kusini. Maelfu ya wakimbizi walifika London kwa jamaa zao. Katika mkahawa mmoja ambao mwandishi wa makala haya huutembelea, ile picha ya bandari iliyoko ukutani ni ya Kyrenia, mji wa kaskazini mwa kisiwa. Mpaka vivuko vilipofunguliwa mwezi Aprili 2003, mwenye mkahawa aliyezaliwa huko hakuweza kwenda hata kuutazama.

La kushangaza, au pengine si la kushangaza kwa anayejua maisha ya ugenini, ni kwamba Wakupro wa Kituruki nao walikaa katika barabara hizohizo. Waliotenganishwa na waya wa seng'enge kisiwani wakawa majirani Green Lanes, wakinunua zeituni na majani ya mzabibu katika duka moja.

Sahani ndogo ndogo

Mgeni akiketi, ushauri bora ni kuagiza meze. Hicho si chakula kimoja, bali ni mfululizo wa sahani ndogo zinazoletwa kwa zamu, na huagizwa na watu wawili au zaidi. Huanza vile baridi: zeituni zilizopondwa pamoja na mbegu za giligilani na kitunguu saumu, mtindi mzito uliochanganywa na tango na nanaa, uji laini wa ufuta, na mayai ya samaki yaliyosagwa kwa mafuta na ndimu. Vyote huchotwa kwa mkate wa pita uliopashwa moto juu ya mkaa. Hapo ndipo wageni wengi hujimaliza kwa mkate, kisha nyama ikifika hawana pa kuitia.

Baada ya hapo huja jibini la halloumi lililochomwa, ambalo haliyeyuki motoni na hulia kidogo kati ya meno. Jibini hilo lina siasa zake. Wagiriki huliita halloumi, Waturuki huliita hellim, na mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulipoliwekea ulinzi wa jina la asili, majina yote mawili yaliandikwa rasmi.

Mswahili wa pwani atajisikia nyumbani zaidi pweza na ngisi wanapoletwa. Pweza huchomwa juu ya mkaa, kisha hutiwa mafuta ya zeituni na siki. Wavuvi wa visiwa vya Ugiriki humpigapiga pweza juu ya mwamba ili alainike, kama wafanyavyo wavuvi wa Unguja, na sidhani kuna aliyemfundisha mwenzake. Nyama za vijiti, yaani souvlaki, ni mishkaki kwa jina jingine, isipokuwa viungo vyake ni vichache: chumvi, ndimu na majani makavu ya oregano. Anayetafuta pilipili atakaa sana.

Lakini chakula ambacho taverna hupimwa nacho ni kleftiko. Ni mguu au bega la kondoo lililofungwa na kuokwa kwa moto mdogo kwa saa nyingi, hadi nyama inaachana na mfupa kwa kuguswa na uma tu. Jina lake latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwizi. Husimuliwa kwamba wapiganaji wa milimani wa zama za utawala wa Uturuki, walioitwa klefti, waliiba kondoo na kumpika ndani ya shimo lililozibwa kwa udongo ili moshi usionekane na mvuke usitoke. Iwe ni kweli au ni chumvi ya wasimulizi, upishi wenyewe hauna haraka, na mkahawa unaoleta kleftiko iliyokauka haufai kurudiwa.

Moussaka ya biringanya na nyama ya kusaga huhesabiwa na wageni kuwa ndiyo chakula cha kale cha Wagiriki. Kwa kweli tabaka lile jeupe la maziwa na unga juu yake liliingizwa na mpishi Nikolaos Tselementes mwanzoni mwa karne ya 20, akiiga Wafaransa. Kitabu chake kilienea mno hata jina lake likawa neno la Kigiriki la kitabu chochote cha mapishi.

Yapo mambo ya kuuliza kabla ya kuagiza. Nyama ya nguruwe hutumiwa sana: katika souvlaki nyingi, katika afelia iliyopikwa kwa mvinyo, na hasa katika sheftalia, kababu iliyozungushiwa utando wa mafuta ya mnyama. Hata nyama ya kondoo si lazima iwe imechinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, na mvinyo huingia katika mchuzi bila kutajwa. Mhudumu akiulizwa kwa adabu hujibu bila kinyongo. Asiyetaka nyama kabisa ana bahati, kwa sababu Kanisa la Kiorthodoksi lina siku nyingi za mfungo ambazo waumini hawali nyama wala maziwa. Kutokana na mfungo huo yamezaliwa mapishi mengi ya maharagwe makubwa meupe, dengu, mchicha wa porini na mboga zilizochemshwa katika mafuta ya zeituni.

Vyombo havivunjwi. Desturi hiyo ya sinema na ya watalii ni nadra kuonekana katika taverna ya mtaani, ambako sahani zinagharimu pesa.

Mwishoni huja kahawa, iliyochemshwa pamoja na unga wake ndani ya chombo kidogo chenye mkono mrefu kiitwacho briki. Neno hilo na neno letu birika ni ndugu, yote mawili yakitokana na ibriq la Kiarabu. Mteja huulizwa mapema kama ataka kahawa chungu, ya sukari kiasi au tamu, kwa kuwa sukari hutiwa kabla ya kuchemka. Zamani iliitwa kahawa ya Kituruki hata na Wagiriki wenyewe. Baada ya vita vya 1974 jina hilo likawa gumu kutamkwa, na leo ni kahawa ya Kigiriki. Kahawa ni ileile.

Bili na wasiwasi

Bei iliyoandikwa katika orodha ya vyakula huwa imekwisha kujumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 20. Mikahawa mingi ya London huongeza asilimia 12.5 ya huduma chini ya bili. Nyongeza hiyo kwa kawaida ni ya hiari, na mteja asiyeridhika anaweza kuomba iondolewe. Kwa wasikilizaji wetu wanaofanya kazi mikahawani, na hao si wachache, yafaa kujua kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 sheria inamlazimu mwajiri kuwagawia wafanyakazi bakshishi na fedha zote za huduma bila kujikatia chochote, isipokuwa makato ya kodi.

Kwa wenye mikahawa hesabu ni ngumu zaidi. Mwezi Machi 2020 milango yote ilifungwa kutokana na ugonjwa wa Covid-19, na katika England haikuruhusiwa kufunguliwa hadi tarehe 4 Julai. Kodi ya mauzo ilipunguzwa kwa muda hadi asilimia 5, lakini Aprili 2022 ilirudi asilimia 20, wakati uleule bei za gesi, umeme na mafuta ya kupikia zilipokuwa zikipanda. Taverna yenye meza kumi haina mahali pa kuficha gharama hizo. Mteja wa mtaani akiona kleftiko imepanda bei mara mbili kwa mwaka, huja mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki.

Kuna pia suala la mikono ya kufanya kazi. Kupro ilijiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na baada ya msukosuko wa madeni ulioikumba Ugiriki kuanzia 2010 vijana wengi wa Kigiriki walikuja London kutafuta kazi, baadhi yao katika majiko haya. Mlango huo ulifungwa mwisho wa mwaka 2020, uhuru wa kuhama kati ya Uingereza na Ulaya ulipokoma. Mwezi Aprili 2024 kiwango cha jumla cha mshahara kinachotakiwa kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi kilipandishwa kutoka pauni 26,200 hadi 38,700 kwa mwaka. Ni wapishi wachache wa taverna wanaolipwa kiasi hicho.

Na watoto je? Walisomeshwa kwa fedha za kleftiko ili wasije wakapika kleftiko. Wamekuwa wahasibu, mawakili na madaktari wa meno, wanakaa mbali zaidi na katikati ya mji, na Jumapili huwaleta wajukuu kula kwa babu. Wengi wao hawana nia ya kusimama mbele ya mkaa hadi saa sita za usiku. Mzee akichoka, mkataba wa nyumba huuzwa, na mnunuzi hufungua duka la kahawa ya vikombe vya karatasi.

Hata hivyo baadhi ya taverna zimepata warithi wasiokuwa wa damu. Katika ule mkahawa wenye picha ya Kyrenia, anayegeuza mishkaki sasa ni mtu wa Bulgaria aliyeanza kazi hapo akiosha vyombo. Amejifunza sheftalia kutoka kwa mama mwenye nyumba, na huandika oda za jikoni kwa Kigiriki cha Kupro. Siku za Jumatatu mkahawa hufungwa; Ijumaa na Jumamosi ni vyema kupiga simu mapema.