Vitambaa vya Buluu Kando ya Mito

Wengi wenu mtokao Arua na Koboko mmeona kando ya mito vitambaa vidogo vya buluu vilivyofungwa kwenye vijiti, pamoja na kipande cha wavu mweusi. Hivyo si alama za wapima ardhi, wala si vitu vya kuchezea. Ni silaha za kupigana na mbung'o aletaye malale.

Mbung'o akimuuma mgonjwa hunyonya vijidudu pamoja na damu, kisha huweza kumwambukiza mtu mwingine. Kwanza mtu hushikwa na homa na kuumwa kichwa. Vijidudu vikifika ubongoni, husinzia mchana na kukesha usiku, akili humpotea, na asipotibiwa hufa. Kati ya mwaka 1900 na 1920 ugonjwa huu uliua watu zaidi ya 200,000 katika Busoga na pwani za Ziwa Viktoria.

Malale ya West Nile huenda polepole. Mtu aweza kukaa nayo miezi mingi, hata miaka, bila kujua. Kwa hiyo waganga hawawangoji wagonjwa tu, bali huwapima watu damu. Zamani wagonjwa walichomwa sindano ya dawa yenye sumu ya arseniki, na wapata 5 katika kila 100 waliuawa na dawa yenyewe. Tangu mwaka 2019 wagonjwa wengi huweza kutibiwa kwa vidonge vya feksinidazoli, vimezwavyo kwa siku 10.

Na vitambaa je? Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu. Akigusa kitambaa au wavu, hupata dawa iliyopakwa humo, naye hufa. Kwa kuwa mbung'o huzaa mtoto mmoja mmoja tu, wakifa wengi hawarudi upesi. Majaribio yaliyoanza West Nile mwaka 2011 yalipunguza mbung'o zaidi ya 90 katika kila 100.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya namna hii si tatizo kubwa tena la afya katika Uganda. Lakini ugonjwa kupungua si kwisha. Koboko imepakana na Kongo na Sudani Kusini, ambako malale bado ipo, na mbung'o hajui mpaka.

Basi, ndugu zangu, tusiving'oe vitambaa hivyo, na waganga wakija kupima, tuwe wa kwanza kutoa kidole. Mdharau mwiba mguu huota tende.