Je, Wajua? Daktari wa Upasuaji Aliyekuwa Makamu wa Rais

Je, wajua kwamba mwanamke wa kwanza barani Afrika kushika umakamu wa rais alikuwa daktari wa upasuaji? Ni Specioza Wandira Kazibwe, mzaliwa wa Iganga, nchini Uganda. Aliteuliwa Novemba 1994, akajiuzulu Mei 2003. Kwetu Tanzania, mwanamke wa kwanza kwenye kiti hicho, Samia Suluhu Hassan, aliapishwa Novemba 2015. Miaka 21 baadaye.

Je, wajua kwamba Uganda na sisi wa Zinga ni watu wa njia moja? Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadri Weupe wa kwanza kwenda Buganda waliondoka Bagamoyo kwa miguu Juni 1878. Wawili kati yao, waliotangulia mbele, walifika Februari 1879. Miezi minane njiani! Nami kutoka hapa Zinga hufika Bagamoyo mjini kwa daladala kabla jua halijakaza.

Na je, wajua kwamba Kazibwe alisoma Namagunga? Ni shule ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1942 na Mama Kevin, mtawa kutoka Ireland. Hapo ningependa tukae kidogo, maana shule hiyohiyo ilikuwa imeshamlea Josephine Nambooze, aliyehitimu udaktari Makerere mwaka 1959 na kuwa daktari mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki. Darasa moja la sayansi kwa wasichana, na ona lilikowafikisha. Kila nikipishana na mabinti wetu wa sekondari barabarani, madaftari kifuani, ndilo ninalolifikiria.

Makerere Kazibwe aliingia miaka ya 1970, Idi Amin akiwa madarakani, wakati maprofesa wengi wakiikimbia nchi. Alihitimu udaktari, akarudi tena kusomea upasuaji.

Je, wajua kwamba makamu watatu mfululizo wa Uganda walikuwa madaktari? Samson Kisekka, kisha Kazibwe, kisha Gilbert Bukenya.

Wajua pia kwamba Kazibwe, akiwa makamu, aliongoza wizara ya kilimo, mifugo na uvuvi? Wavuvi wetu wa Mbegani wangekuwa na mengi ya kumwambia.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, iliyotaka kila wilaya iwe na mbunge mwanamke, ilipitishwa yeye akiwa madarakani.

Je, wajua kwamba cheo hakikumkinga na kipigo? Mwaka 2002 alisema hadharani kwamba aliihama nyumba ya ndoa kwa sababu ya kupigwa. Makamu wa rais wa nchi! Huku kwetu mwanamke akipigwa huambiwa avumilie, afiche aibu ya nyumba. Yeye aliitoa nje, na kwangu mimi huo ni ujasiri mkubwa kuliko kupanda jukwaani kuomba kura.

Je, wajua kwamba daktari mwanamke wa kwanza wa Tanzania alikwenda kusoma mpaka Moscow? Ni Profesa Esther Mwaikambo. Tofauti na Kazibwe, siasa hakuifuata; aliwakusanya madaktari wanawake wenzake, wakaanzisha chama chao, MEWATA, mwaka 1987. Mama zetu waliopanga foleni kupimwa matiti bila malipo kwenye kampeni za chama hicho wanalijua jina hilo vizuri kuliko majina ya mawaziri.

Je, wajua kwamba Kazibwe alipoachia umakamu hakwenda kupumzika? Alirudi darasani akiwa mtu mzima, na mwaka 2009 akapata shahada ya udaktari wa sayansi kutoka Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, katika afya ya jamii.

Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ukamfanya mjumbe maalumu wa UKIMWI barani Afrika. Na je, wajua aliipokea kazi hiyo kutoka kwa nani? Kwa Asha-Rose Migiro, Mtanzania.