Chaja Isiyoshika

Kompyuta mpakato inapokataa kuchaji, lawama ya kwanza huangukia betri, na mara nyingi betri huwa haina kosa. Umeme hutoka kwenye soketi, ukapita waya mnene hadi kwenye kisanduku cha chaja, ukashushwa kutoka volti 230 au 240 hadi zipatazo 19.5, kisha ukasafiri kwa waya mwembamba mpaka kwenye pini na tundu la kompyuta. Kasoro hutafutwa kwa kufuata njia hiyohiyo, kuanzia ukutani.

Soketi hupimwa kwa kuchomeka kifaa kingine. Waya mnene huchomoka kwenye kisanduku, na kwa kuwa hulegea polepole bila kutoka kabisa, ni vyema kuusukuma ndani hata kama unaonekana umekaa. Taa ya kisanduku, ikiwepo, husema mengi: ikiwaka chaja ikiwa peke yake lakini ikazimika mara pini inapoingia kwenye kompyuta, inawezekana kuna shoti ndani ya kompyuta, na chaja imejifunga ili kujilinda.

Sehemu inayosumbua zaidi ni pini na tundu. Chaja ya wati 65 hupitisha takriban ampea 3.3. Mguso ukilegea ukaleta ukinzani wa omu 0.5 tu, zaidi ya wati 5 hugeuka joto papo hapo. Ndiyo maana pini hubadilika rangi, plastiki hulainika, na risasi inayoshika tundu kwenye bodi hupata ufa. Kompyuta inayoshika chaji waya ukikunjwa upande mmoja na kuachia ukinyooshwa tayari imefika hapo, na kuegemeza waya kwa kitabu, dawa inayopendwa sana, huzidisha ufa. Katika baadhi ya kompyuta tundu lina waya wake na hubadilishwa bila kulehemu. Katika nyingine limelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi.

Kompyuta nyingi za Dell zina fumbo lao. Sindano nyembamba iliyo katikati ya pini haipeleki umeme wa kuchaji. Hupeleka taarifa ya nguvu ya chaja. Ikipinda au waya wake ukikatika, kompyuta huwaka kama kawaida lakini betri haichaji na kasi hushuka, kwa sababu mashine haijui imeunganishwa na chaja gani. Mita itaonyesha volti 19.5 kamili, na fundi asiyejua habari ya sindano atauza betri mpya bure.

Chaja za USB-C humdanganya mpimaji kwa namna ya kinyume. Pini isiyounganishwa na kifaa haitoi volti yoyote. Umeme huanza kwa volti 5 baada ya kifaa kutambuliwa, ndipo pande mbili zikapatana kupanda, mara nyingi hadi volti 20. Sifuri kwenye mita, basi, si ushahidi wa chaja mbovu. Kipimo cha kweli ni chaja nyingine yenye wati za kutosha, pamoja na waya mwingine.

Betri inayosimama kwenye asilimia 80 huenda imewekewa kikomo kwenye mipangilio. Kisanduku chenyewe hakifunguliwi nyumbani: kapasita yake inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa.