Jinsi ya kutambua hadithi za anga zinazozingatia sayansi

MSOMAJI anayetafuta hadithi za safari za anga zinazoheshimu sayansi hana budi kuchagua kwa makini, kwani katika nyingi vyombo hugeuka ghafla na kusimama papo hapo mithili ya matatu.

Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kuchunguza jinsi mwandishi anavyoshughulikia mafuta.

Roketi husonga kwa kutupa gesi nyuma yake. Injini ikizimwa, chombo huendelea kwenda, kwa kuwa angani hakuna hewa ya kukizuia. Ili kipunguze mwendo, sharti kigeuke na kuwasha injini kuelekea kinakokwenda. Mafuta ya kazi hiyo hubebwa tangu mwanzo, na kila kilo inayoongezwa hudai mafuta zaidi.

Kanuni hiyo ndiyo uti wa mgongo wa The Cold Equations, hadithi fupi ya Tom Godwin iliyochapishwa mwaka wa 1954. Msichana anajificha katika chombo kidogo kinachopeleka dawa kwa wagonjwa, akitumai kumwona kakake. Mafuta yaliyomo hayatoshi kutua salama akiwemo. Rubani hana chuki naye, lakini asipomtoa nje, wote wawili wataangamia pamoja na wagonjwa wanaosubiri dawa.

Hata hivyo, baadhi ya wahakiki hushikilia kuwa wa kulaumiwa si hesabu bali ni waliotuma chombo bila akiba ya mafuta.

Anayeanza anaweza kusoma The Martian, riwaya ya Andy Weir kuhusu mwanaanga aliyeachwa peke yake katika sayari ya Mirihi. Weir, ambaye aliwahi kuunda programu za kompyuta, aliandika moja ya kukokotoa njia ya chombo cha wahusika wake.

Riwaya hiyo nayo ina dosari, ambayo mwandishi mwenyewe amekiri. Dhoruba inayoanzisha masaibu hayo haiwezekani, kwa kuwa hewa ya Mirihi ni nyepesi mno kuangusha mtambo.

Mwingine ni mfululizo wa The Expanse wa James S.A. Corey, ulioanza mwaka wa 2011. Injini zake ni za kubuni, lakini vyombo hugeuka katikati ya safari ili vianze kupunguza kasi, na abiria huumizwa na mwendo unapoongezwa ghafla.