Utofautishaji wa Jerandi na Patisipuli za Kiingereza kwa Kigezo cha Tafsiri ya Kiswahili

Makala haya yanafafanua namna ya kutofautisha jerandi na patisipuli ya wakati uliopo katika Kiingereza, maumbo mawili yanayoishia na kiambishi kimoja, -ing. Mkanganyiko huu una chanzo cha kihistoria. Kiingereza cha Kale kilikuwa na -ende kwa patisipuli, na -ung au -ing kwa nomino zitokanazo na vitenzi. Katika Kiingereza cha Kati maumbo hayo yaliungana. Hivyo, umbo pekee halitoshi kuwa kigezo.

Kigezo cha msingi ni uamilifu. Jerandi hukaa mahali pa nomino: huwa kiima, yambwa, au hufuata kihusishi. Kiswahili huitafsiri kwa kitenzi-jina: Swimming strengthens the body ni "Kuogelea huimarisha mwili". Patisipuli hufafanua nomino au huonesha tendo linaloendelea, na Kiswahili hutumia kirejeshi au -ki-: We heard her singing ni "Tulimsikia akiimba". Hata hivyo, nafasi mbele ya nomino si ushahidi tosha. A sleeping child ni mtoto anayelala. A sleeping bag ni mfuko wa kulalia, kwa kuwa mfuko haulali.

Uzito wa suala hili hudhihirika katika sentensi tata. Frightening dogs can be dangerous yaweza kumaanisha "Kuwatisha mbwa kunaweza kuwa hatari" au "Mbwa wanaotisha wanaweza kuwa hatari". Kitenzi can hakionyeshi umoja wala wingi. Kikibadilishwa, is dangerous huthibitisha jerandi, na are dangerous huthibitisha patisipuli. Mfasiri asiyepima muktadha hubadili onyo lenyewe: katika maana ya kwanza mwenye kosa ni mtu, katika ya pili wa kuogopwa ni mbwa.

Huddleston na Pullum (2002) waliyaunganisha maumbo haya katika kategoria moja, kwa hoja kwamba kitenzi chenyewe hakitofautiani kimaumbo. Hoja hiyo ina mashiko kwa Kiingereza. I remember him singing hukubali "Nakumbuka kuimba kwake" na "Namkumbuka akiimba". Lakini Kiswahili hakimruhusu mfasiri kubaki katikati: upatanisho wa ku- na ule wa nomino haviwezi kuandikwa kwa pamoja. Kwa hiyo, hata pale sarufi ya Kiingereza inapofuta mpaka, ufundishaji na tafsiri kwa Kiswahili haviwezi kuufuta.